Kipande, Risiti na Daftari la Wote

Katika vilima vya Bomet siku ya mchumaji huanza umande ukiwa bado juu ya majani. Huchuma majani mawili na chipukizi, huyatupa kikapuni mgongoni, na ifikapo adhuhuri mzigo huwa njiani kuelekea kituo cha kununulia majani. Hapo karani hulitundika gunia kwenye mizani, husoma kilo, na mkulima huondoka na risiti. Wakulima makini hawaishii hapo. Nyumbani wana daftari la shule ambamo huandika tarehe na kilo, mstari kwa mstari, na risiti zenyewe huzitunza zikiwa zimefungwa kwa mpira.

Bidii hiyo ina sababu. Mkulima mdogo wa chai hulipwa mara mbili kwa jani lile lile: kiasi fulani kila mwezi, na salio, ambalo kila mtu huku huliita bonasi, baada ya mwaka wa hesabu kufungwa mwezi wa Juni na mapato ya mauzo kujulikana. Kilo ambayo haikuandikwa Februari hukosa malipo ya Februari, kisha hukosa tena ya Oktoba, wakati karo na madeni yanasubiri. Daftari la nyumbani ni kinga ya mtu ambaye kumbukumbu kuu ya jasho lake iko mikononi mwa mwingine.

Ninataka kuisimulia historia ya kumbukumbu hiyo kuu: nani aliiandika, nani aliishika, na nani aliweza kuisoma. Historia hiyo inaanzia kwenye mashamba ya Kericho, inapita kwa vijana waliokuwa wakiandika programu bila malipo, na inashuka hadi Kwale na Mombasa, ambako mwaka 2020 maelfu ya watu walijikuta wakitumia daftari la aina mpya kununua unga na maji.

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru, lakini Kericho ilisubiri miongo miwili zaidi. Mvua haikuwa kikwazo, kwa maana mawingu ya Ziwa Victoria na msitu wa Mau huinywesha nchi hii karibu mwaka mzima. Wala udongo haukuwa kikwazo. Kilichokosekana ni mtaji, na mtaji ulikuja kwa njia ya ardhi. Mwaka 1919 maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani walitengewa maelfu ya ekari katika nchi ya Wakipsigis ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukasambaratika, na ardhi hiyo haikurudi kwa wenyewe bali ikaingia mikononi mwa makampuni. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeanza kufyeka na kupanda.

Mashamba makubwa yalihitaji wafanyakazi wengi, na serikali ya kikoloni ilikuwa tayari na chombo cha kuwadhibiti. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kazi alilazimika kubeba kipande: cheti chenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za ajira yake, ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo siku alipomchukua, mshahara wake, na siku alipomwachilia. Bila sahihi hiyo ya mwisho, kuondoka ilikuwa kosa la jinai. Tuitafakari hali hiyo kwa makini, kwa sababu itatusaidia mbele. Mtu aliibeba kumbukumbu ya maisha yake mwilini mwake usiku na mchana, lakini hakuruhusiwa kuandika humo hata herufi moja, na mara nyingi hakuweza kuisoma.

Kwa miaka thelathini hivi, Mwafrika wa Kericho aliijua chai kama kibarua tu. Kulima chai yake mwenyewe hakukuruhusiwa. Maelezo yaliyotolewa wakati huo yalikuwa kwamba mkulima mdogo angeharibu ubora na kueneza magonjwa. Wanahistoria wengi wanatoa maelezo mengine: kwamba mashamba makubwa yaliogopa kupoteza vibarua, na kwamba makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1933 yalikuwa yamebana ukubwa wa mashamba ya chai duniani ili kulinda bei. Maelezo ya pili yana uzito zaidi, kwa kuwa marufuku hiyo ililegezwa miaka ya 1950 chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kukuza kilimo cha Waafrika, wakati vita vya Mau Mau vilikuwa vimeitia serikali hofu kubwa kuliko ile ya magonjwa ya majani. Ikiwa ubora ndio uliokuwa shida, hakuna jambo lililoubadilisha ghafla mwaka huo.

Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964, nchi ikiwa huru, nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Chai Kenya, KTDA. Hapa ndipo kituo cha majani kilipozaliwa, na chanzo chake ni tabia ya jani lenyewe. Jani bichi la chai haliwezi kungoja. Lisipofika kiwandani saa chache baada ya kuchumwa, huanza kuharibika. Mkulima mwenye nusu ekari hawezi kumiliki kiwanda, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe cha wengi, na majani ya wengi lazima yachanganywe. Yakishachanganywa, haiwezekani tena kusema hili ni la nani. Kinachobaki kumtofautisha mkulima mmoja na mwenzake ni maandishi tu. Litein, Kapkatet, Tegat, Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek: kila kiwanda cha wakulima wadogo katika nchi hii kimesimama juu ya imani kwamba karani aliandika sawa.

Ukilinganisha na kipande, risiti ilikuwa hatua kubwa mbele. Mkulima aliweza kuisoma, aliweza kuitunza, na aliweza kwenda nayo kulalamika. Lakini ilikuwa nakala ya mstari mmoja. Kitabu chenyewe, chenye mistari ya watu wote na jumla zao, kilibaki upande mmoja. Mwaka 2000 KTDA iligeuzwa kuwa kampuni na wakulima wakawa wenye hisa kupitia viwanda vyao. Baadaye mizani ya kielektroniki ikachukua nafasi ya ile ya mshale na kalamu. Kila badiliko lilipunguza aina moja ya makosa. Hakuna lililoondoa desturi ya daftari la nyumbani, na ninaona wakulima walikuwa na haki kuliendeleza.

Badiliko lililogeuza mazoea kabisa lilitoka nje ya chai. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na ndani ya miaka michache mkulima wa Sotik alikuwa akipokea ujumbe simuni kila shilingi ilipoingia au kutoka. Kwa mara ya kwanza watu wengi wa vijijini walizoea kuona salio lao papo hapo, bila kumwuliza karani yeyote. Daftari bado lilikuwa la kampuni moja, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Hata hivyo, zoea la kuthibitisha mwenyewe lilikuwa limeingia mikononi, na bila zoea hilo yaliyofuata yasingeeleweka Kenya kwa urahisi.

Wakati huo huo, mkondo mwingine ulikuwa ukijaa polepole. Kwa lugha yetu huitwa programu huria: programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, mtu yeyote akaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Wazo hili lilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi lilipofika kwa Waswahili kwa sura yao wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kuchosha kweli, ya kutafuta neno moja moja. Wale waliokaa kubishana jinsi ya kulitaja faili, kuhifadhi na kufuta ndio waliotuonyesha kwamba mambo ya kompyuta yanaweza kufikiriwa kwa Kiswahili.

Mwaka 2008 ulileta mambo mawili ambayo hayakuonekana kuhusiana. Januari, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzaa umwagaji damu ulioigusa Kericho na Bonde la Ufa lote, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunda Ushahidi, ramani ya mtandaoni ambamo mwananchi aliweza kutuma taarifa ya tukio kwa ujumbe wa simu. Ilijengwa kwa haraka, na maandishi yake yakaachwa wazi hata yakatumika nchi nyingine. Oktoba 31 mwaka huo huo, mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto walitoa waraka wa kurasa tisa ulioeleza sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, na Januari 3, 2009 ukurasa wa kwanza wa daftari la sarafu hiyo ukaandikwa. Mambo haya mawili yalitoka kwenye shida moja: wakati anayeshika kumbukumbu haaminiki, tufanyeje ili tuandike pamoja?

Jibu la Satoshi tunaliita blokcheni, na linaeleweka vizuri ukisimama kwenye kituo cha majani. Chukua kituo chenye wakulima mia moja. Badala ya karani mmoja kushika kitabu, kila mkulima ana nakala kamili ya kitabu kizima, na kila kilo inayopimwa hutangazwa ili wote waandike. Ukurasa ukijaa, maandishi yake yote hupigwa hesabu fulani inayotoa nambari ndefu, na nambari hiyo huandikwa juu ya ukurasa mpya, kama karani anavyohamisha jumla ya ukurasa uliopita. Akitokea mtu akafuta kilo mbili katika ukurasa wa tatu, nambari ya ukurasa huo hubadilika. Haipatani tena na ile iliyo juu ya ukurasa wa nne. Na wenzake tisini na tisa, ambao nakala zao zinapatana, humkataa. Mpangilio huo ndio kiini cha blokcheni. Yaliyobaki ni njia za kuamua nani aandike ukurasa unaofuata, na malipo yake.

Hata hivyo ninalazimika kusema mapema jambo ambalo wauzaji wa teknolojia hii hulipitia haraka. Daftari la namna hii hulinda kilichokwisha kuandikwa. Halijui kama mizani ilikuwa imepinda, wala kama gunia lilikuwa limelowa. Kosa lililoingia asubuhi litatunzwa kwa uaminifu mkubwa hadi mwisho wa dunia.

Ethereum, blokcheni nyingine iliyopendekezwa na Vitalik Buterin mwishoni mwa 2013 na kuanza kazi Julai 30, 2015, iliongeza uwezo wa kuandika masharti ndani ya daftari lenyewe, kama vile kusema bonasi igawanywe hivi pindi mnada unapofungwa. Uwezo ukaongezeka, na ugumu wa kuueleza ukaongezeka maradufu. Kenya, pengo hilo la uelewa lilikuwa na gharama. Desemba 2015 Benki Kuu ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu sarafu za kidijitali, na onyo hilo halikuwa bure, kwa kuwa walaghai walikuwa wamegundua kwamba neno lisiloeleweka huuza kuliko linaloeleweka. Mwaka 2018 serikali iliunda jopo lililoongozwa na Profesa Bitange Ndemo kuchunguza blokcheni na akili bandia, nalo likatoa ripoti mwaka 2019. Ripoti ya jopo ni jambo jema, lakini haiwezi kumfundisha mtu wa Longisa maana ya ufunguo wa siri unaolinda sarafu zake.

Kazi hiyo ya kufundisha ilichukuliwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Kuanzia mwaka 2019 masomo rasmi ya Ethereum yamekuwa yakiandikwa kwa utaratibu wa programu huria na kufasiriwa na maelfu ya watu kwa makumi ya lugha, Kiswahili kikiwamo. Mwaka wa kazi hii huundwa na mambo madogo sana. Mmoja huona tahajia mbaya, akapendekeza sahihisho. Mwingine hugundua kwamba mchoro umepitwa na wakati. Wa tatu hufasiri sentensi kumi jioni baada ya kazi. Kila pendekezo husomwa na mtu mwingine kabla ya kukubaliwa, na likikubaliwa hubaki kwenye kumbukumbu jina la aliyelileta, saa aliyolileta, na maneno yaliyofutwa. Chombo kinachotunza kumbukumbu hizo, Git, kilitungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, kabla ya Bitcoin, na kila hatua ndani yake hubeba nambari ya hatua iliyotangulia. Kwa hiyo waliofundisha juu ya daftari lisilofutika walikuwa tayari wakiandika somo lao ndani ya daftari la aina hiyo hiyo.

Kwa wafasiri wa Kiswahili, kazi ngumu ilikuwa ile ile ya Kilinux. Chukua neno lenyewe la bloku, jina la kila ukurasa wa daftari hilo. Kuna wanaopenda kusema mnyororo wa vitalu. Msemo huo ni mzuri kwenye karatasi, lakini umpelekee mkulima wa Bomet: kwake kitalu ni mahali pa kuoteshea miche ya chai chini ya kivuli, na mnyororo wa vitalu ni safu ya miche. Kuchimba nako, jina la mojawapo ya zile njia za kuamua nani aandike ukurasa unaofuata, kulileta picha ya migodi na jembe. Kisha Septemba 15, 2022 Ethereum ikaacha uchimbaji kabisa, matumizi yake ya umeme yakapungua kwa takribani asilimia 99.95, na kila somo lililokuwa limeeleza uchimbaji ikabidi liandikwe upya na kufasiriwa upya. Mwaka kama huo hukumbusha kupogoa: shamba lililokuwa la kijani hukatwa hadi magotini, na kazi huanza tena.

Kwa nini mtu afanye kazi hiyo bure? Yapo majibu matatu, na nimeyasikia yote. La kwanza ni kwamba sisi tulikuwa hivyo siku zote: Wakipsigis walikuwa na kokwet, ujirani ambao watu wake walisaidiana kazi na kuamua mashauri pamoja, na taifa likalitwaa wazo hilo kwa jina la harambee. La pili ni kwamba kijana anayejifunza kuandika programu hupata ushahidi wa uwezo wake, unaoweza kuonwa na mwajiri popote duniani. La tatu ni kwamba wenye sarafu hizo hufaidika watumiaji wakiongezeka, hivyo wanaofundisha wakati mwingine wanauza. Kwa waandishi wa programu naona jibu la pili ndilo zito zaidi. Kwa wafasiri, ambao kazi yao haimpi mtu ajira kirahisi, la kwanza lina ukweli mwingi kuliko wenye mashaka wanavyokiri. La tatu halifai kufichwa, na dawa yake iko kwenye utaratibu wenyewe: sentensi yenye kuvutia wateja inaweza kupingwa na kusahihishwa na msomaji yeyote.

Sasa tushuke pwani, kwa njia ile ile inayopitiwa na magunia ya chai kwenda kwenye mnada wa Mombasa. Mei 2013, katika kitongoji cha Bangladesh huko Mikindani, wafanyabiashara wadogo wapatao mia mbili, wengi wao wanawake, walianza kubadilishana hati walizoziita Bangla-Pesa. Wazo lilikuwa rahisi. Mwenye mandazi anahitaji maji, mwenye maji anahitaji mandazi, wote wana bidhaa na wote hawana shilingi siku hiyo. Hati iliyokubaliwa na majirani huwawezesha kuuziana bila kungoja fedha itoke mjini. Mwishoni mwa mwezi huo huo polisi waliwakamata watu sita, akiwamo Will Ruddick, mwanafizikia Mmarekani aliyeanzisha shirika la Grassroots Economics, kwa tuhuma za kuwa na karatasi zinazofanana na fedha. Magazeti yalitaja hata njama za kujitenga kwa Pwani. Agosti mashtaka yakaondolewa, na Novemba hati zikarudi sokoni. Zikafuata nyingine Kawangware, Kangemi na Kibera.

Hati za karatasi zilichakaa, ziliweza kughushiwa, na hakuna aliyejua zilizunguka vipi. Ndiyo sababu kuanzia mwaka 2018 shirika hilo lilianza kuzihamishia kwenye blokcheni, kwa programu huria, huku mtumiaji akitumia simu ndogo ya kawaida kwa kubonyeza nyota na reli. Mapema 2020 hati za mitaa mbalimbali zikaunganishwa kuwa moja iliyoitwa Sarafu. Kisha, Machi 13, mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa Kenya. Ikaja kafyu. Aprili, Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu asiingie wala asitoke.

Madhara yake yalifuata mkondo wa fedha. Kinango, katika Kwale kavu, hutegemea sana watu wake wanaofanya kazi Mombasa. Mji ulipofungwa, kilichokuwa kikitumwa nyumbani kikakauka. Mukuru, Nairobi, vibarua wa viwandani walirudishwa nyumbani. Bidhaa na mikono ya kufanya kazi vilikuwapo. Kilichotoweka ni kitu cha kulipana. Kati ya Januari 25, 2020 na Juni 15, 2021 watu wapatao 40,000 walikuwa na akaunti za Sarafu, na miamala yao ilifikia mamia ya maelfu: chakula, maji, kuni, vibarua vya shambani, karo.

Watafiti bado wanapima ni nini hasa kilichoieneza. Maelezo ya kwanza ni uhaba wa fedha nilioueleza. Ya pili ni msukumo kutoka nje: Msalaba Mwekundu wa Kenya ulishirikiana na mradi huo Mukuru, na kila aliyejisajili alipewa kiasi cha kuanzia, jambo ambalo lingemvuta mtu hata kama hakuwa na mpango wa kukitumia tena. Ya tatu ni kwamba njia ilikuwa imeshatengenezwa na vyama vya akiba na, huko Kinango, na mweria, desturi ya Wamijikenda ya kulimiana kwa zamu. Uhaba hauwezi kujitegemea kama maelezo, kwa kuwa ulikuwa Kenya nzima na Sarafu haikuwa. Msukumo wa nje unaeleza kwa nini watu walijisajili, lakini kujisajili ni jambo moja na kuendelea kununua ni lingine. Kumbukumbu za miamala zinaonyesha kwamba Sarafu ilizunguka hasa ndani ya maeneo madogo madogo, jirani kwa jirani, na kwamba vyama vya akiba vilikuwa vitovu vya mzunguko huo. Kwa hiyo ninaegemea maelezo ya tatu, huku nikikubali kwamba bila janga yangechukua miaka mingi kuonekana.

Tunaweza kuhukumu hivyo kwa sababu daftari lilifunguliwa. Mwaka 2022 Carolina Mattsson, Teodoro Criscione na Ruddick walichapisha maelezo ya miamala yote ya kipindi hicho, majina yakiwa yameondolewa, ili yeyote aisome na kuipinga. Kwangu hili ndilo tukio kubwa zaidi katika masimulizi haya yote. Miaka mia moja baada ya kipande, watu wa kawaida wa Kinango na Mukuru waliacha kumbukumbu ya kazi zao ambayo waliiandika wenyewe kwa vidole vyao. Ilikuwa na mipaka: aliyeweza kuichambua kwa ukamilifu alikuwa mtafiti mwenye kompyuta, na mama muuza nyanya aliona salio lake tu. Baada ya 2021 mradi uliiacha hati moja ya wote, ukageukia kuwezesha kila jamii kutoa hati zake yenyewe.

Nchi ya chai haikuingia katika mkondo huo, na sababu yake inafundisha kitu. Mwaka 2020 mvua ilikuwa nyingi na Kenya ikazalisha zaidi ya kilo milioni 569 za chai, kutoka milioni 459 hivi mwaka uliotangulia. Bei ilikuwa duni, lakini malipo ya kila mwezi hayakukatika. Mnada wa Mombasa, ambao kwa miongo mingi uliendeshwa ukumbini kwa sauti na nyundo, ulihamishiwa mtandaoni mwaka huo huo kwa sababu ya korona, hivyo kitabu cha bei nacho kikawa cha kielektroniki. Kericho na Bomet hawakukosa fedha ya kulipana. Walichotaka, na ambacho wamekidai kwa sauti zaidi miaka iliyofuata, ni kujua kwa nini bonasi yao huwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Hilo ni swali la kusoma daftari kuu kuanzia kituoni, kupitia kiwandani, hadi mnadani.

Mengine yameendelea kwa kasi. Agosti 2023 serikali ilisimamisha shughuli za mradi wa Worldcoin baada ya maelfu ya watu kupanga foleni Nairobi kupigwa picha za macho ili wapewe sarafu za kidijitali, wengi wao wakiwa hawajaelezwa kwa lugha wanayoielewa walichokuwa wakikitoa. Oktoba 2025 sheria ya kusimamia watoaji wa huduma za mali za kidijitali ilitiwa sahihi. Wafasiri wa kujitolea wanaendelea na sentensi zao kumi za jioni, na bado hawajakubaliana juu ya neno la bloku. Binafsi ningependekeza ukurasa.

Huku kwetu, bonasi inapotangazwa, ujumbe huingia simuni kabla ya habari kusomwa redioni. Wenye shamba hukaa sebuleni, daftari la shule likatolewa kabatini, na mtoto aliye darasa la juu hupewa kazi ya kujumlisha kilo za miezi kumi na miwili, huku mama akifungua mpira wa risiti na kumsomea moja baada ya nyingine.